Uzi: Ukifika Ngorongoro usiishie Kreta. Namna ya kuizunguka nchi yote ya volkano mpaka Lengai na Natron

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila likizo ikikaribia linarudi swali lilelile: "Ngorongoro siku moja inatosha?" Kwa siku moja utaona simba, nyati, viboko na ukijaliwa faru, kisha jioni umesharudi Karatu. Lakini mlima uliolizaa lile shimo utakuwa umeupita bila kuuelewa, na mdogo wake anayefuka moshi mpaka leo hutakuwa umemwona kabisa. Nafungua uzi huu kwa anayeweza kupata siku nne au tano.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimechora kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kikizama, ubaoni kwa chaki miaka mingi kabla sijasimama ukingoni mwa moja. Siku niliyosimama pale juu nikaona ukuta wa upande wa pili umefifia kwa umbali, nilinyamaza kama dakika kumi. Tangu hapo nimerudi mara tatu, na kila mara nimeongeza siku.

Kwanza ujue unachokwenda kuona, maana ndicho kinachopanga ratiba. Ngorongoro ilikuwa mlima. Miaka milioni mbili na zaidi iliyopita chumba cha magma (mwamba ulioyeyuka) kilichokuwa chini yake kikatoka tupu, kilele kikakosa cha kukishikilia kikazama. Kilichobaki ni bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya takriban kilomita za mraba 260. Na haikuwa peke yake. Kuna Olmoti, ambayo kwa Kimaasai ni chungu cha kupikia, na ukiiona utakubali jina. Kuna Empakaai yenye ziwa ndani yake, Loolmalasin, Lemagrut, Sadiman, Oldeani, Kerimasi, na kitinda mimba wao Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Hawa kwa nyakati tofauti walitema majivu, upepo ukayapeleka magharibi, yakalala tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo ndiyo yaliyofunika mifupa ya kale ya Korongo la Oldupai na nyayo za kale za Laetoli, na ndiyo yaliyoipa Serengeti nyasi fupi zinazopendwa na nyumbu.

Basi ushauri wangu wa kwanza: fuata majivu. Ratiba yangu huwa hivi. Siku ya kwanza Arusha hadi Karatu kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu, lami tupu, unalala mapema. Siku ya pili unaingia geti la Lodoare asubuhi, unapita ukingoni bila kushuka, unateremka hadi Oldupai, mchana unarudi kulala juu ukingoni. Siku ya tatu unashuka Kreta alfajiri, jioni unalala Mto wa Mbu. Siku ya nne unakwenda kaskazini: Engaruka, kisha Engaresero chini ya Lengai. Siku ya tano ni ya Ziwa Natron na nyayo za kale za watu zilizoko Engaresero. Kupanda Lengai ongeza usiku mmoja, na siku moja ya kulala tu.

Kwa nini Oldupai kabla ya Kreta? Kwa sababu ukishuka Kreta kwanza, Oldupai utaiona kama korongo kavu tu. Ukianza nayo, unaanza na maelezo. Pale makumbusho unaangalia korongoni, muelezaji anakuonyesha matabaka: jeusi la chini ni zaha (lava) ya kale, juu yake majivu, udongo wa ziwa, majivu tena, udongo mwekundu. Hapo ndipo mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Umri huo ulipatikana kwa kupima majivu yaliyolala pamoja nalo. Bila volkano tungekuwa na fuvu lisilo na tarehe. (Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, msilitafute Oldupai.)

Jambo jingine linalowavunja watu moyo: nyayo halisi za Laetoli, zile za miaka milioni 3.66 zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Unachokiona makumbusho ya Oldupai ni nakala. Nakala nzuri, lakini nakala. Ukitaka kuona nyayo za kale zenyewe, ziko Engaresero, nitafika huko.

Karibu na Oldupai kuna mchanga unaohama. Ni tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, kimo chake mita 9 hivi, la majivu ya Lengai. Chembe zake zina sumaku, zinashikana zenyewe, na upepo unalisukuma tuta zima kama mita 17 kwa mwaka bila kulisambaratisha. Kuna vijiti vya alama vinavyoonyesha lilikokuwa zamani. Chukua mchanga kiganjani uurushe juu, utaona unavyorudi. Usipande juu ya tuta. Nyayo za wageni ndizo zinazolibomoa.

Malipo. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro haipokei pesa mkononi getini. Unachukua kumbukumbu namba, unalipa benki au kwa simu, unaingia na uthibitisho. Fanyeni hivyo Karatu au mkiwa bado Arusha, kwa sababu mtandao ukikatika getini mnapoteza asubuhi nzima. Mwananchi wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na mgeni, lakini awe na kitambulisho. Niliwahi kuona familia imezuiwa saa nzima kwa sababu mjomba wao alisahau NIDA nyumbani. Mgeni kutoka nje ana kiwango chake, na gari la kushuka Kreta lina ada yake peke yake, kubwa. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo panga saa ya kuingia kwa akili. Viwango hubadilika kwa mwaka wa fedha, angalia orodha ya mamlaka kabla hujaondoka.

Nguo. Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa kuwa wanasikia "Tanzania" wanabeba fulana. Ukingo wa Kreta uko mita 2,300 hivi juu ya bahari. Juni hadi Agosti asubuhi ni ukungu mzito na baridi inayoingia mifupani. Siku mbili baadaye uko Natron, mita 600 tu, joto linapita nyuzi 40. Beba koti zito na beba kofia pana, vyote utavitumia wiki hiyohiyo.

Nitaendelea na Lengai. Ulizeni wakati huohuo.

#2 Mchangiaji

Mwalimu, shikamoo. Nina mama yangu wa miaka 68, magoti yanamsumbua. Ndoto yake ni kuona Ngorongoro kabla hajazeeka zaidi. Je, safari hii ataiweza au nimpeleke ile ya siku moja tu?

#3 Mwanzisha uzi

Marahaba dada. Mlete mama, ataiweza sehemu kubwa tu.

Ndani ya Kreta hakuna kutembea. Mnakaa garini muda wote isipokuwa sehemu maalumu za kupumzikia, kama Ngoitokitok penye chemchemi. Kinachomchosha mtu mzima ni mtikisiko na urefu wa siku. Kaeni naye kiti cha kati, si cha nyuma kabisa juu ya ekseli. Shukeni geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana muwe mmepanda. Mtakuwa mmeona msitu wa Lerai, Ziwa Magadi na mbuga ya wazi. Hamtaona twiga, hawaishi mle ndani, msimhangaishe dereva kuwatafuta. Mkila Ngoitokitok, kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale wananyakua chakula mkononi, na kucha zao zinakata.

Kama ana presha, mwoneni daktari kwanza kwa sababu ya kimo na baridi. Olmoti na Empakaai mrukeni. Empakaai ni kushuka kwa miguu mpaka ziwani, saa moja hivi, na kupanda ni zaidi ya hapo, pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufika, lakini si pa magoti.

Oldupai anakaa kivulini anaangalia korongo. Engaresero pia ataiweza: nyayo ziko mahali tambarare, gari linasogea karibu. Mpeleke saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakolea.

#4 Mchangiaji

Mimi ni dereva, hiyo njia ya kaskazini naijua. Niongeze kitu.

Mto wa Mbu hadi Engaresero ni kama kilomita 120, lakini msihesabu kilomita, hesabuni saa. Kiangazi ni saa tatu hadi nne. Mvua ikinyesha juu milimani, makorongo yanajaa hata kama mlipo jua linawaka. Korongo likijaa usijaribu. Zima gari, subiri, maji yale hushuka baada ya saa kadhaa. Nimeshuhudia gari likisukumwa na maji yaliyofika magotini tu.

Jaza mafuta Mto wa Mbu, tangi lote. Mbele huko mafuta ni ya kwenye chupa na madumu, hujui yamechanganywa na nini. Spea tairi mbili, na uzikague mwenyewe kabla ya kukodi. Jeki, kipande cha mbao cha kuweka chini ya jeki maana majivu ni laini inazama, na beleshi. Miiba ya migunga haichagui tairi.

Na mwalimu, umeitaja Engaruka kwa mkato mno. Watu wanapita pale kama kituo cha kuchimba dawa, inaniuma.

#5 Mwanzisha uzi

Kaka, umenikumbusha haki yake, asante. Engaruka ni kijiji chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na nyuma yake kuna mabaki ya mji wa wakulima waliokaa pale kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Walijenga kwa mawe ya volkano: misingi ya nyumba juu ya matuta, na mashambani mifereji ya kumwagilia iliyopangwa kwa mawe, maelfu ya ekari, wakitumia vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu. Kisha wakaondoka. Chukueni kijana wa kijiji awaongoze, bila yeye mtaona marundo ya mawe tu. Tengeni saa mbili, na mawe msiyahamishe.

Eneo hili lote, Ngorongoro mpaka Lengai, UNESCO iliitambua mwaka 2018 kuwa Jiopaki ya Dunia, yaani hifadhi ya urithi wa kijiolojia, ya kwanza kusini mwa Sahara. Wengi wanajua ule Urithi wa Dunia wa mwaka 1979 wa Ngorongoro peke yake. Njiani kaskazini mtakuta mageti ya halmashauri na ya vijiji, kila mmoja na ada yake. Lipeni, ombeni risiti, mzitunze, mtaulizwa tena mbele.

Sasa Lengai.

Mlima una mita 2,962. Ukiuangalia kutoka Engaresero ni koni kamili, kilele cheupe. Watu hudhani ni theluji. Ni magadi. Huu ndio mlima pekee unaojulikana duniani unaotoa zaha ya aina ile sasa hivi: imejaa sodiamu na kaboneti, madini ya silika karibu hakuna. Zaha ya kawaida hutoka na nyuzi 1,100 hivi, ya Lengai ni kati ya 500 na 600. Mchana inaonekana nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu. Ikishapoa inanyonya unyevu wa hewani na kugeuka nyeupe.

Unapanda usiku. Sababu ya kwanza ni joto, mchana mlima ule hauna kivuli hata cha mwiba. Ya pili ni kwamba ukifika juu jua linachomoza na unaliona Bonde la Ufa lote, Ziwa Natron jekundu upande mmoja na Kerimasi upande mwingine. Mnaondoka kambini saa tano au saa sita usiku, gari linawafikisha chini ya mlima, kisha ni saa tano hadi sita za kupanda. Mwanzo ni majani na majivu laini, unafikiri ni mzaha. Baada ya saa mbili mteremko unasimama, na sehemu ya juu ni kama kupanda paa la nyumba: mwamba laini, mifereji iliyochimbwa na mvua, kokoto zinazoteleza. Mikono inatumika kama miguu.

Vifaa, kwa uzito wake kwangu: glavu za ngozi (majivu yale yanakwangua kama msasa, na yakilowa jasho yanawasha), viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, tochi ya kichwani na betri za akiba, helmeti kwa ajili ya mawe yanayoangushwa na walio juu yako, kitambaa cha kufunika pua, jaketi la upepo la kuvaa kileleni. Maji lita tatu kila mtu, pungufu ya hapo usiondoke. Mlimani hakuna maji, hakuna kibanda, hakuna choo.

Kiongozi wa kienyeji ni lazima, na mngekuwa hamlazimishwi ningesema mchukueni vilevile. Mara ya kwanza niliyopanda, mwenzetu mmoja alianza kutetemeka miguu tukiwa robo tatu ya njia. Kiongozi, kijana wa Kimaasai mwenye viatu vya matairi, alimtazama usoni kwa tochi, akasema "mzee, wewe leo umefika." Alimwita msaidizi wake amteremshe polepole. Mwenzetu alikasirika. Mchana tulipouona mteremko ule kwa nuru ya jua, alikwenda kumshukuru yule kijana kwa mikono miwili.

Kushuka ni saa tatu hadi nne, na ndiko watu wanakoumia. Magoti yamechoka na jua linawafuata mgongoni. Mkiwa juu, saa moja na nusu asubuhi muanze kugeuka.

Kileleni msisogelee ukingo wa shimo. Kabla ya 2007 watu walikuwa wanatembea juu ya sakafu ya kreta ya kaskazini kama uwanjani. Mlipuko ulioanza Septemba 2007 ukaendelea hadi 2008 uliivunja ikabaki shimo lenye kuta wima, na kingo zake nyingine ni majivu yaliyoning'inia tu. Lala kifudifudi ukitaka kuchungulia, kiongozi akushike. Na hewa ikikubana kifua, ondoka upande ule upesi.

#6 Mchangiaji

Mkuu, hiyo 2007 ndiyo inayonitisha. Ukilipuka mkiwa juu?

#7 Mwanzisha uzi

Swali la haki, na sitakuambia hakuna hatari. Mlima uko hai. Ulilipuka kwa nguvu 1917, 1940, 1966, kisha 2007. Mara hiyo ya mwisho ulianza kwa matetemeko mwezi Julai, yakasikika hadi Nairobi, na milipuko mikubwa ikaja Septemba. Watu wa chini walihama, malisho yakafunikwa na majivu. Siku nyingine nyingi unatiririsha zaha yake ndani ya shimo bila kumsumbua mtu.

Ninachofanya: nauliza Engaresero kwa watu wawili tofauti, si kwa anayetaka kuniuzia safari pekee. Wiki hii kuna tetemeko lililosikika? Kuna moshi mweusi au majivu yaliyoanguka? Viongozi wamepanda lini mara ya mwisho? Wakisema wao wenyewe hawapandi, nabaki chini. Mlima unaonekana vizuri hata ukiwa Natron.

#8 Mchangiaji

Na sisi tusio na gari?

#9 Mwanzisha uzi

Inawezekana kwa nusu. Arusha hadi Karatu magari ya abiria ni mengi siku nzima. Mabasi ya Loliondo hupita Mto wa Mbu na Engaresero, ulizeni stendi ya Arusha siku moja kabla, na jiandaeni kwa vumbi. Mkifika Engaresero, nyayo, maporomoko ya mto na Lengai vyote mnavifanya na viongozi wa kijiji. Kushuka Kreta ndiko kusikokwepeka gari linalovuta magurudumu yote manne. Changishaneni Karatu watu watano au sita, gari moja.

Mambo madogo mawili kabla sijasahau. Maji ya bomba na ya vijito maeneo haya ya volkano yana floraidi nyingi, nunueni ya chupa, hasa mkiwa na watoto. Na msipige picha watu wala maboma bila kuomba. Wamaasai wanaishi humo, ni kwao, na Oldupai ni jina la mmea wao, mkonge pori, ambalo Mjerumani aliyefika 1911 alilisikia vibaya likaandikwa Olduvai.

#10 Mchangiaji (yule wa mama)

Mwalimu, narudi na mrejesho. Tumerudi juzi.

Kreta ilikuwa na ukungu hadi saa mbili na nusu, mama alikaa na blanketi akisema hakuja kuona pamba. Ukafunguka kwa mara moja. Aliona nyati wengi na faru mmoja kwa mbali, kwa darubini ya dereva.

Engaresero tulifika kwenye nyayo mapema kama ulivyosema. Kiongozi alituambia ziko zaidi ya 400, watu walitembea juu ya tope la majivu ya Lengai likakauka, na watafiti waliona kundi moja la watu 17 walioelekea upande mmoja, 14 kati yao huenda ni wanawake watu wazima, pengine walitoka kutafuta chakula. Mama alisimama nje ya uzio muda mrefu. Akavua kiatu, akaweka mguu wake mchangani upande wa huku, akatazama wake, akatazama ule. Akamuuliza kiongozi, "Hawa walikuwa wanakwenda au wanarudi?"

Kiongozi akasema walikuwa wanaelekea kusini magharibi, zaidi ya hapo hajui. Mama akasema kama mikono ilikuwa mitupu walikuwa wanakwenda.

Tuliondoka saa tatu, upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuokota magadi. Kwa watakaokwenda: miwani ya jua kwa kila mtu garini, hata wa viti vya nyuma, ile chumvi inaunguza macho.